Kadi ya mkopo usiyoitaka

SWALI: Nilipofungua akaunti nilipewa na kadi ya mkopo nisiyoihitaji. Sijaitumia hata siku moja. Nikiikata kwa mkasi, yamekwisha? Mwakani nataka mkopo wa mbolea. (Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya)

JIBU: Hayajaisha. Mkasi unaua plastiki tu. Akaunti inabaki hai, na ada ya mwaka ikikatwa humo inageuka deni, halafu riba na faini vinapanda juu yake. Deni hilo huripotiwa kwenye kanzidata ya wakopaji ya Benki Kuu, na ofisa mikopo huchungulia huko kabla ya kukupa shilingi.

Nenda tawini, uliza salio la siku hiyohiyo, si la taarifa ya mwezi uliopita. Kama ni ada tupu, omba ifutwe. Wakati mwingine wanakubali. Lipa mpaka sifuri, andika barua ya kufunga akaunti ya kadi, na nakala yako igongwe muhuri. Sasa kata, mkasi upite katikati ya chipu.

Rudi baada ya mwezi hivi uchukue barua ya kuthibitisha imefungwa. Wengi huridhika na risiti, ambayo haithibitishi kufungwa. Kisha omba ripoti yako kampuni ya taarifa za mikopo, kama Creditinfo. Ikionyesha kadi bado hai, wapelekee barua hiyo warekebishe.