Usipande gari la Kigoma kabla hujasoma kipengele cha matazamio

Mkufunzi yuko Mwanza. Ijumaa anapigiwa simu: vipindi vinaanza Jumatatu, wewe njoo tu, barua utaikuta huku Kigoma. Anakuja, anaingia darasani, na barua inamfikia miezi mitatu baadaye ikisema yuko kwenye matazamio, yaani kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini, ya miezi sita kuanzia tarehe ya barua hiyo. Miezi sita imeshakuwa tisa, na hakuna aliyemuuliza.

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka masharti ya matazamio yajulikane kwa mwajiriwa kabla hajaanza kazi. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, omba barua itangulie, hata kama ni picha ya WhatsApp. Haya tunayoandika ni ya vyuo binafsi vya afya, ualimu na ufundi vya Tabora na Kigoma. Aliyepangiwa chuo cha serikali anafuata taratibu za utumishi wa umma, ambako matazamio ni miezi 12 na uthibitisho una njia yake.

Anza na tarehe. Matazamio yahesabiwe tangu siku uliyoripoti, na siku hiyo iwe na ushahidi: jaza fomu ya kuripoti, igongwe muhuri masijala, ubaki na nakala. Kama chuo hakina fomu, andika barua ya mistari miwili na uigongeshe muhuri vilevile.

Urefu wake ukomo ni miezi 12, na hata hiyo lazima iendane na kazi yenyewe. Kwa mpishi, mlinzi, dereva au matroni, miezi mitatu inatosha kabisa kumjua mtu. Kwa mkufunzi miezi sita ndiyo yenye mantiki: aliyeanza Oktoba atakuwa amefundisha muhula mzima, ametunga na kusahihisha mitihani, na ameuonja wa pili. Kinachotukera ni mkataba wa mwaka mmoja wenye matazamio ya miezi 12. Mtu huyo hatathibitishwa kamwe, kwa sababu siku matazamio yanapoisha na mkataba umeisha. Ukikutana na mkataba wa namna hiyo, omba matazamio yashuke hadi mitatu au sita kabla ya kusaini. Wakuu wa vyuo wengi hukubali, maana mara nyingi ni mkataba ulionakiliwa kutoka chuo kingine bila kusomwa.

Halafu kwenye mkataba kuna kistari kinachorukwa na karibu kila mtu: mahali ulipoajiriwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinataka mahali hapo paandikwe, na kifungu cha 43 ndicho kinachokipa kistari hicho thamani. Ajira ikikomea mahali tofauti na ulikoajiriwa, mwajiri anakusafirisha wewe na mizigo yako hadi huko, au analipia usafiri huo, au anakupa posho ambayo haipungui nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na huko. Juu yake anakulipa pesa ya kujikimu ya kila siku kuanzia siku ajira ilipokoma hadi siku ya kusafirishwa. Sasa aliyefuatwa Dar es Salaam akaandikiwa "Kigoma" kwenye kistari hicho, zaidi ya kilomita 1,200 za reli atajilipia mwenyewe na masanduku yake.

Tuje kwenye kuthibitishwa, ambako wengi huumia bila kujua. Imani iliyoenea kwenye ofisi za walimu ni kwamba muda ukipita na hujafukuzwa, basi umethibitishwa. Sivyo. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba kumalizika kwa muda wa matazamio peke yake hakumthibitishi mtu, na kwamba aliye kwenye matazamio hana haki za aliyethibitishwa. Mtu anaweza kufundisha miaka miwili akidhani yuko salama, kumbe kwenye jalada lake bado ni wa matazamio.

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, mwandikie mkuu wa chuo kupitia mkuu wa idara. Taja tarehe uliyoripoti, tarehe matazamio yanapokoma, masomo uliyofundisha, na uombe barua ya kuthibitishwa au majibu ya maandishi. Usingoje wikiendi ya mahafali ukamwambie mdomoni kwenye korido. Mkuu akihamishwa, kaimu hatayajua mazungumzo ya korido, ila jalada atalisoma. Wakitaka kuongeza muda wanaruhusiwa, lakini wanatakiwa kushauriana nawe kwanza, na nyongeza iwe ya kiasi. Omba iandikwe sababu na tarehe mpya ya mwisho.

Katika kipindi chote hicho chuo nacho kina kazi. Kinatakiwa kukupima, kukutana nawe mara kwa mara, na kukupa mwongozo au mafunzo pale unapopwaya. Kabla ya kukuachisha, kanuni zinataka uwe umeelezwa dosari, umepewa nafasi ya kujibu, na umepewa muda wa kutosha kujirekebisha ukashindwa. Kwenye kikao cha namna hiyo una haki ya kuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Wewe weka jalada lako nyumbani: azimio la kazi lililosainiwa, daftari la mahudhurio ya vipindi, matokeo ya tathmini endelevu, na kila barua yenye muhuri. Mali bila daftari huisha bila habari.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haingoji uthibitisho. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Kwa mshahara wa 600,000, kila mwezi iingie 120,000. Angalia salio lako mapema, usisubiri kuondoka. Likizo yenye malipo ndiyo inayohitaji utimize miezi sita kazini.

Ukiachishwa, notisi haipungui siku 7 kama ni ndani ya mwezi wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali chini ya sheria hii, lakini mshahara wa siku alizofanya kazi, notisi, nauli na cheti cha utumishi ni vyake.

Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu Na. 1: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine kama malimbikizo ya mshahara. Mwenye chuo akikuambia "tulia, bodi itakaa mwezi ujao", siku zinaendelea kuhesabika. Peleka fomu, kikao cha bodi kitakukuta umeshafungua shauri. Ukichelewa itabidi uanze na fomu Na. 2 ya kuomba kusamehewa, ukieleza sababu ya kila siku iliyopita.