Anayeacha sigara ateue msimamizi wake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mtu anayeamua kuacha sigara atiwe moyo na nani, na kwa njia gani?" Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa katika kliniki ya kifua kikuu hapa Morogoro, na kaka yangu, ambaye ni fundi wa magari, aliacha sigara baada ya kuzivuta tangu ujana wake. Kwa hiyo jambo hili nimeliona nikiwa kazini na nimeliona ndani ya ukoo wetu. Jibu langu ni kwamba anayeacha sigara hahitaji umati wa kumshangilia. Anahitaji mtu mmoja aliyemteua mwenyewe, na pembeni ya huyo watu wachache ambao kila mmoja amepewa kazi moja, ikajulikana inafanyika wapi na saa ngapi.

Wazo hili nimelitoa kliniki. Mgonjwa wa kifua kikuu anapoanzishiwa dawa nchini Tanzania huruhusiwa kuchagua kama atazimeza kituoni mbele ya mhudumu wa afya, au nyumbani mbele ya msimamizi wa matibabu anayemteua mwenyewe, ambaye anaweza kuwa mke, mume, jirani au rafiki. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na wengi hujisikia wamepona mapema sana, wakaanza kujiuliza vidonge ni vya nini tena. Hapo ndipo msimamizi anapofaa. Hatoi hotuba juu ya mapafu. Anaona dawa zimemezwa, anatia alama kwenye kadi, na mambo yakienda kombo anakuja kutueleza. Nimeona wanaume waliokuwa wakibishana na daktari wakinywa dawa bila neno kwa sababu shemeji yao amekaa kwenye mkeka akisubiri arudishiwe kikombe.

Sigara nayo inataka mtu wa namna hiyo, na sababu yake iko katika mwili wenyewe. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa, na kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa 2 hivi, ndiyo maana mvutaji mzoefu hapitishi muda mrefu bila kutafuta nyingine. Anapoacha, hali ambayo vijana huiita arosto huwa kali zaidi katika siku chache za kwanza: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, kushindwa kutuliza akili kwenye kazi, njaa isiyoisha. Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Lakini kiu yenyewe ya sigara haikai mfululizo kutwa nzima. Huja, hupanda, na kwa kawaida hushuka baada ya dakika chache hata kama hakuna kilichowashwa. Anachohitaji mtu, basi, ni mwenzake wa dakika hizo. Nasaha za Jumapili jioni hazimfikii Jumatano saa nne asubuhi.

Ndugu wengi hudhani kumtia mtu moyo ni kumsema. Hutuma picha za mapafu meusi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, humtajia marehemu mjomba, na akikohoa kidogo mezani husikika sauti: "Si tulikwambia?" Wapo wanaomuuliza mwanaume mzima kama kweli anashindwa na kijiti. Nawaheshimu wanaofanya hivyo kwa uchungu wa kweli, ila mvutaji anayajua madhara ya sigara. Onyo limechapishwa kwenye pakti anayoishika kila siku. Masimango humfundisha kitu kimoja tu, nacho ni kujificha. Atavutia chooni, atatafuna karafuu au pipi ya mnanaa kabla ya kuingia ndani, na siku akiteleza hatamwambia mtu, hivyo hata aliyekuwa tayari kumsaidia hatajua kwamba alihitajika.

Kaka yangu alianza kwa kukaa na mke wake, wifi yangu, wakaandika kwenye daftari la mtoto saa zote ambazo sigara ilikuwa na mazoea ya kuja. Naona hili ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyashuhudia katika safari yake. Orodha ilikuwa fupi kuliko alivyotarajia mwenyewe: akiamka, kabla ya maji ya kuoga, baada ya chai ya saa nne gereji, kila gari linapokataa kuwaka na mwenye gari amesimama juu ya kichwa chake, jioni dukani, na usiku akitazama mpira. Kisha kwa kila saa wakatafuta mtu. Wifi ndiye aliyekuwa msimamizi, na alfajiri akawa anamkabidhi kazi ya kumwandaa mtoto wa mwisho kwenda shule, kwa maana mtu anayefunga vifungo vya shati la mtoto anayehangaika hana mkono wa kushikia sigara. Ile ya usiku waliiondoa kwa kuhama banda la kuonyeshea mpira na kwenda kwa jirani ambaye haruhusu moshi sebuleni kwake.

Dukani alikwenda mwenyewe. Kama mnavyojua, maduka yetu ya mtaani huuza sigara moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba dirishani ili mteja awashe hapohapo. Huo ndio mtego mkubwa kwa mtu wa kawaida, maana hahitaji kuamua kununua pakti. Sarafu ya chenji inatosha. Nilikuwepo alipomwambia mwenye duka: "Mangi, kuanzia leo nikikuomba fegi, nipe karanga."

"Na ukinitukana, kaka?"

"Nipe karanga. Matusi yangu tutayazungumza kesho."

Mangi alicheka, lakini aliitimiza. Wiki ya kwanza kaka alitukana kweli, na alipewa karanga kweli, tena siku moja zikarushwa kupitia nondo za dirisha kwa sababu alikuwa amekataa kunyoosha mkono. Mwenye duka huyo alipoteza mteja wa kila siku na hakuwahi kulalamika. Nikiulizwa nani alimtia moyo kaka yangu, namtaja yeye kabla ya kujitaja mimi dada yake niliyesomea mambo haya.

Msaada wa gereji ulitoka mahali ambapo watu hawautarajii, kwa fundi mwenzake ambaye anavuta hadi leo. Kaka hakumwomba aache. Alimwomba mambo mawili: asimpe hata akiombwa kwa magoti, na asiweke pakti juu ya boneti la gari wanalolifanyia kazi pamoja. Yule bwana akawa anakwenda kuvutia nyuma ya kontena la vipuri, na chai ya saa nne akainywa huko. Nasisitiza hili kwa sababu ushauri wa kawaida humwambia anayeacha sigara awakimbie wavutaji wote, na kwa mtu ambaye riziki yake iko kijiweni ushauri huo hautekelezeki. Mvutaji anayeheshimu ombi moja dogo ni msaada mkubwa kuliko asiyevuta anayekebehi.

Kwamba jambo hili husafiri kutoka kwa mtu hadi mtu limechunguzwa kwa makini. Watafiti Nicholas Christakis na James Fowler walifuatilia mtandao wa watu zaidi ya 12,000 wa utafiti wa moyo wa mji wa Framingham, Marekani, kati ya mwaka 1971 na 2003, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba mwenzi wa ndoa akiacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta hupungua kwa asilimia 67. Kwa rafiki upungufu ulikuwa asilimia 36, na kwa ndugu wa tumbo moja asilimia 25 tu. Namba hiyo ya mwisho hunifanya nitabasamu ninapokumbuka vikao vya ukoo vinavyoitishwa ili kaka, dada na mashangazi wamkalishe mtu kitako.

Kuhusu fedha nina maneno machache. Kila jioni kaka alimkabidhi wifi kiasi kilekile ambacho kingekwenda kwenye sigara, kikatumbukizwa kwenye kibubu cha mtoto, na Januari kibubu kikavunjwa kwa ajili ya sare na madaftari. Huko Ufilipino, katika kisiwa cha Mindanao, benki moja iliwahi kuwafungulia wavutaji akaunti ya namna hiyo lakini yenye makali zaidi: mtu aliweka akiba kwa miezi 6, kisha alipimwa mkojo, na nikotini ikionekana fedha zake zote zilikwenda kwenye hisani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliona kwamba waliopewa nafasi hiyo walifaulu kuacha zaidi kuliko wasiopewa, hata walipopimwa tena kwa kushtukizwa baada ya mwaka. Sidhani kama lazima tufike huko kwenye kutaifishana. Ila vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vina daftari, vina mweka hazina na vina siku ya kukutana, na mwanachama anayetaka fedha za sigara zishikwe na mikono mingine hana haja ya kwenda mbali.

Waislamu wengi huanzia Ramadhani, na ni mwanzo mzuri, kwa sababu mtu ambaye amepitisha kutwa nzima bila moshi tayari amejithibitishia kwamba anaweza. Hatari iko baada ya futari. Wengi hutoka nje wakiwa bado wana tende mdomoni, wakawasha ya kwanza, na kuanzia hapo hadi daku wakalipiza za mchana. Anayetaka kumsaidia mtu wa namna hiyo asimsifu mchana. Amchukue mara tu futari inapoisha, waende pamoja tarawehe, warudi pamoja kwa njia isiyopita dukani.

Sasa nirudi kwenye meza yangu, kwa kuwa msisitizo huu juu ya ndugu na majirani usimfanye msomaji adhani kwamba wahudumu wa afya hawana sehemu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba bila msaada ni takriban asilimia 4 tu ya majaribio ya kuacha tumbaku yanayofaulu, na kwamba msaada wa kitaalamu pamoja na dawa zilizothibitishwa unaweza kuongeza nafasi hiyo zaidi ya maradufu. Miongozo yake ya Julai 2024 inataka kila mhudumu awe na desturi ya kumuuliza mgonjwa kuhusu tumbaku na kumpa ushauri mfupi, wa sekunde 30 hadi dakika 3. Dakika 3 hupatikana hata siku ya foleni ndefu. Zipo plasta za nikotini, ipo chingamu ya nikotini ya kutafuna, na zipo dawa kama vareniklini na bupropioni, ambazo zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo; katika mji wetu hazipo kwenye kila duka la dawa na bei yake si ya kila mfuko, lakini uliza, na usinunue bupropioni bila kuonana na daktari, hasa kama umewahi kupata kifafa. Kenya wana simu ya bure ya mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, namba 1192, na msomaji aliyeko huko anaweza kuitumia leo.

Msimamizi naye anahitaji kuelekezwa nini cha kufanya siku mambo yanapoharibika, kwa sababu wengi huvuta tena angalau mara moja kabla ya kuacha moja kwa moja. Kaka yangu alivuta msibani, usiku, uani kwenye turubai, walipokuwa wakisubiri alfajiri na pakti ikawa inazungushwa. Alimwambia wifi asubuhi ileile. Wifi hakuuliza "kwa nini". Aliuliza ni saa ngapi na alikuwa amekaa na nani, kisha akaongeza mstari kwenye lile daftari: misibani, asikeshe upande wa wavutaji, akae na wanaochemsha kahawa. Sijui kama yupo mshauri ambaye angelishughulikia vizuri zaidi ya hapo.

Limebaki kundi moja ambalo haya niliyoyaeleza hayalitoshi, nalo ni wanawake. Fundi wa magari anaweza kumtangazia mwenye duka kwamba anaacha sigara na akapigiwa makofi. Mwanamke anayevuta kwa siri, au anayeweka ugoro mdomoni, au anayekwenda kwenye shisha na wenzake kila mwisho wa wiki, akitangaza kwamba anaacha amekiri kwanza kwamba alikuwa akitumia, na mtaani kwetu kukiri huko kunaweza kumgharimu ndoa au heshima ukweni. Kwake sishauri daftari la mezani wala mazungumzo dirishani kwa Mangi. Namshauri amteue msimamizi wa nje ya nyumba: rafiki mmoja anayeweza kutunza siri, au muuguzi wa kituo asichokuwa na jamaa ndani yake, na wakubaliane ujumbe mfupi wa simu ambao mtu mwingine akiusoma hautamwambia kitu. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa akinitumia neno "chumvi" kila kiu ilipomshika, nami nikampigia kumuuliza bei ya mchicha sokoni, tukaongea mpaka akaniambia kwamba sasa anaweza kukata simu.