Kilo Nne kwa Siku Saba: Zilikwenda Wapi?

Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikumbuka sura za wanawake niliokaa nao mezani katika miaka 19 ya kazi hii ya ushauri wa lishe, wakinisimulia kisa hikihiki huku wameinamisha macho.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 34, kilo 86. Mwezi uliopita nilifuata mpango wa siku saba: asubuhi chai ya kusafisha mwili, mchana supu ya kabichi, usiku maji ya moto na ndimu. Nilipungua kilo 4, nikafurahi mpaka machozi. Siku kumi baadaye kilo tatu na nusu zilikuwa zimerudi. Aliyeniuzia chai ananiambia sina nidhamu. Sasa hata wali nikiuona naogopa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote chukua kalamu tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii hakuna aliyekupigia.

Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Kilo nne ni kalori 30,800. Ukizigawa kwa siku saba, ulitakiwa upungukiwe kalori 4,400 kila siku. Mwanamke wa umri wako na uzito wako, mwenye shughuli za kawaida, hutumia karibu 2,200 kwa siku. Maana yake ni kwamba hata ungekaa wiki nzima bila kutia kitu mdomoni, usingechoma zaidi ya kilo mbili za mafuta. Na wewe ulikuwa unakunywa supu! Hizo kilo nne hazikuwa mafuta, na hazingeweza kuwa.

Basi zilikuwa nini? Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli. Akiba hiyo huitwa glikojeni, na kwa mtu mzima hufika karibu nusu kilo. Kila gramu yake hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha kula wanga, akiba inatumika ndani ya siku mbili tatu na maji yake yanatoka kwa njia ya mkojo. Tayari karibu kilo mbili zimeondoka. Chumvi nayo ikipungua kwenye chakula, maji mengine yanafuata. Halafu kuna ile chai. Nyingi za aina hiyo hutiwa majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa juu yake, kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo unaendesha maji na kinyesi, lakini kalori za chakula ulishazichukua. Kuhusu kusafisha mwili, una ini na figo mbili zinazofanya kazi hiyo usiku na mchana, na hazihitaji chai kuzisaidia.

Uliporudi kula, akiba ilijaa na maji yake yakarudi. Hizo kilo tatu na nusu nazo si mafuta. Nataka uisome sentensi hiyo tena. Hukunenepa kwa siku kumi na hukushindwa kitu. Uliuziwa upungufu wa maji, kisha ukalaumiwa ulipokata kiu.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeyapitia. Nikiwa na miaka 24, kabla sijasomea lishe, nilikaa siku sita kwa supu na matunda. Siku ya sita nilikuwa napanda ngazi nyumbani, macho yakaingia giza, nikajikuta nimekaa chini nimeshika ukuta. Nilichojiambia pale chini ni kwamba mimi ni dhaifu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mwili wangu ulikuwa unanitetea.

Kuna jaribio moja ninalowasimulia wote wanaokuja kwangu wakijilaumu. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua wanaume 36, vijana wenye afya njema. Walikuwa wamekataa kupigana vita kwa ajili ya imani zao, wakajitolea kukaa na njaa ili dunia ijue namna ya kuwarudisha kwenye afya watu walioathirika na njaa ya vita. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Wanaume hawa, ambao msimamo wao haukuwa wa kutiliwa shaka, walianza kuwaza chakula tu, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Walikuwa wazito wa mwendo, wanasikia baridi, wana hasira. Miili yao ilipunguza hata nguvu inayotumika mtu akiwa amelala tu. Nani atasimama awaambie hawakuwa na nidhamu?

Sasa wali. Kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa kina takriban kalori 200. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120. Ukimimina mafuta kwenye sufuria kwa kukadiria kwa macho, vijiko vitano vinaingia bila wewe kujua. Hapo umeongeza 600, na hakuna aliyeyaogopa mafuta kwa sababu hayaonekani kwenye sahani. Nakuomba uanzie hapo: pima mafuta kwa kijiko kwa wiki mbili. Usiyaondoe, yapime tu. Pili, angalia unachokunywa. Soda moja ya mililita 330 huwa na sukari karibu gramu 35, na tumbo haliihesabu kama chakula.

Sahani yako ijaze mboga nusu, robo iwe wali au viazi au mkate, na robo iliyobaki iwe maharage, dengu, samaki, nyama isiyo na mafuta mengi au mayai. Hiyo robo ya mwisho usiidharau hata asubuhi. Protini ndiyo inayokaa na shibe, na ndiyo inayolinda misuli yako wakati uzito unashuka. Nimewaona wengi wanaokunywa chai tupu asubuhi wakijisifu, kisha saa kumi jioni wanakula chochote kilicho karibu.

Lengo lako liwe nusu kilo kwa wiki, basi. Ni kupungukiwa kalori 550 hivi kwa siku, na zinapatikana bila kulala na njaa. Kupungua kwa kasi sana kuna madhara yake, likiwemo la vijiwe kwenye kibofu cha nyongo. Pima uzito asubuhi ukitoka msalani, na ulinganishe wastani wa wiki na wiki, maana siku zako za hedhi zikikaribia maji peke yake yanaweza kuongeza kilo moja au mbili. Na kama unatumia dawa za kisukari au za presha, mwone daktari wako kwanza. Uzito ukishuka, dozi huenda ikahitaji kubadilishwa.

Ndimu ukipenda ladha yake kunywa. Haiyeyushi mafuta, kwani mafuta ya mwili hayakai tumboni kwenye chakula, na tumbo lenyewe lina asidi kali kuliko ya ndimu. Ila usipige mswaki mara moja baada ya kuinywa, kwani asidi hulainisha tabaka la juu la jino.

Niandikie tena baada ya miezi miwili. Nitasubiri barua yako.

SWALI: Mshauri, nina miaka 22, kilo 70, mwili wote mwembamba isipokuwa kitambi. Kila siku napiga sit-up 200 nikiwa nimejifunga nailoni tumboni ili jasho litoke. Miezi mitatu sasa, tumbo halijabadilika.

JIBU: Mdogo wangu, ivue hiyo nailoni leo. Jasho ni maji ambayo mwili unayatoa ili ujipoze. Ukilizuia lisikauke unajipandisha joto, na vijana wenye nguvu kama wewe wameanguka kwa joto la namna hiyo.

Zile 200 zimekupa misuli ya tumbo, sina shaka, lakini imekaa chini ya mafuta. Msuli hauchoti mafuta ya jirani yake. Unapohitaji nguvu, seli za mafuta za mwili mzima huachia mafuta yaingie kwenye damu, na damu ndiyo inayoyapeleka kwenye msuli. Sehemu gani itaanza kupungua huamuliwa na urithi, jinsia na umri.

Badilisha mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemeke kiasi, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli mikubwa siku mbili au zaidi. Chuchumaa na kusimama, piga pushapu, nyanyua vitu vizito. Unga wa protini hukuuliza, ila najua utaambiwa ununue. Kwa anayejenga misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili zinatosha, kwako ni kama 112 kwa siku. Yai moja lina 6, na gramu 100 za kuku aliyepikwa zina karibu 30. Chakula kinakufikisha.

SWALI: Dada, nimeacha sukari kabisa. Natumia asali na juisi ya matunda ninayokamua mwenyewe kwa sababu ni vitu vya asili. Mbona sipungui?

JIBU: Kijiko kikubwa cha asali kina kalori 64 hivi, cha sukari kina 48, maana asali ni nzito na kijiko hubeba zaidi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali, na pia sukari iliyomo kwenye juisi, kundi moja na sukari ya kopo. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, jumla yote isizidi gramu 50 kwa siku, na ikibaki chini ya 25 ni bora zaidi. Machungwa matatu ukiyakamua unayamaliza kwa dakika moja. Ukiyala yenyewe, pamoja na nyuzinyuzi zake, la tatu huenda lisipite. Kula machungwa yenyewe.

SWALI: Nafanya kazi za zamu ya usiku. Nimeambiwa nisile baada ya saa 12 jioni. Nateseka.

JIBU: Pole kaka. Kinachokunenepesha ni jumla ya unachokula kwa muda mrefu, na saa 12 jioni haina mlango unaofungwa. Ushauri huo huwasaidia wanaokula ovyo mbele ya televisheni usiku. Wewe uko kazini. Kula mlo kamili kabla ya zamu, beba chakula chako cha katikati ya zamu kisicho kizito, na ukirudi asubuhi kula kidogo ulale. Usingizi wako ulinde kama unavyolinda chakula, kwa sababu asiyelala vya kutosha huamka na njaa kubwa zaidi.

SWALI: Mume wangu ameacha wanga, mimi nimeacha mafuta. Kila mtu anapika sufuria yake na tunabishana kila jioni. Nani yuko sahihi?

JIBU: Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilipima swali lenu na kutoa majibu mwaka 2018. Watu 609, nusu wakapunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, kwa miezi 12. Pande zote mbili zilipungua kwa wastani wa kilo tano hadi sita, bila tofauti ya maana kati yao. Ndani ya kila kundi ndiko kulikuwa na tofauti kubwa: wapo waliopungua sana, na wapo walioongezeka. Jambo moja walilofanana ni kwamba wote walihimizwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa.

Kwa hiyo pikeni sufuria moja ya mboga na moja ya maharage au samaki, kisha yeye aongeze karanga, wewe uongeze kiazi. Na msishindane kwenye mizani. Mwili mkubwa hutumia nguvu nyingi zaidi, kwa hiyo akiwa mzito kuliko wewe atatangulia kupungua hata mkila sahani zinazolingana.