Barua kwa mwanangu: viatu vyako nilikuwa nimevishika mimi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa gengeni Mbuyuni, simu sikioni na mteja ananiuliza bei ya nyanya chungu. Nimeona nisikujibu kwa sauti. Mambo haya nikiyasema yatanitoka kama ugomvi, na ugomvi sina.

Umeniuliza mawili. La kwanza, kanisa lenu huko Canada wamechanga fedha wajenge kituo cha yatima hapa Moshi, cha watoto arobaini, na kwa kuwa wewe ni mtu wa huku wamekuomba usimame mbele Jumapili uwaeleze hali, kisha uwe mjumbe wa kamati yao. Unataka kujua useme nini. La pili umelichomeka mwishoni kana kwamba ni dogo: ile picha yako ya utotoni uliyoikuta kwenye bahasha ya barua za mfadhili, kwa nini uko pekupeku, na kwa nini huangalii kamera. Na kama mimi mama yako niliona aibu.

Naanza na picha.

Ilikuwa 2002, baba yako hajatimiza mwaka kaburini. Pale kanisani walikuwa wanaandikisha watoto wa huduma, na kila mtoto lazima apigwe picha ipelekwe ng'ambo atafutiwe mfadhili. Shirika silitaji jina, kwa sababu lilitufaa, na aliyekosea alikuwa mtu mmoja. Nilikuwa nimekununulia viatu Kiborloni, mtumba, vyeusi vyenye mkanda na kifungo cha pembeni. Nilivipaka dawa ya viatu usiku, asubuhi nikavisugua tena kwa kitambaa. Nilitaka huyo mtu wa mbali, yeyote atakayekuwa, akikutazama ajue huyu mtoto ana mama. Mpiga picha akakuangalia kutoka juu hadi chini, akasema, "Mama, mvue viatu." Nikamwuliza kwa nini. Akasema akiwa navyo hawatamchagua.

Nikakuvua. Nikaenda kusimama nyuma ya mpiga picha, kwa pembeni, nimevishika. Kwa hiyo kule pembeni unakoangalia, mwanangu, unaangalia viatu vyako.

Ndiyo, niliona aibu. Ila nataka uelewe ni aibu ya nini. Kupokea hakukuniaibisha. Nimezaliwa kwenye ukoo ambao ng'ombe wa mtu hukaa kwenye zizi la jirani, na maziwa mnagawana, kupokea nakujua. Aibu ilikuwa kwamba ili usaidiwe ilibidi nifutwe mimi kwenye picha. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, lakini alikuwa anamwambia anayetoa. Anayepokea hakuna aliyemwuliza kama anataka kuonwa.

Baada ya hapo, sina neno baya. Jumamosi zako kituoni unazikumbuka mwenyewe, ule wali na maharage na ile sufuria ambayo mlikuwa mnagombania ukoko. Walikupima macho, wakakununulia sare na madaftari, na ulipoingia sekondari walilipa ada, maana enzi hizo ada ilikuwapo, haijafutwa hadi 2016. Na yule bibi wa Marekani alikuandikia miaka tisa. Barua yake ya kwanza aliuliza kama kwetu kuna theluji. Ukamjibu kwamba ipo, iko juu ya mlima, hatuitumii. Mwalimu aliyekuwa anatafsiri alicheka hadi akavua miwani.

Wewe mwenyewe ulinisomea kwenye simu ule utafiti uliotoka 2013, wa mchumi Bruce Wydick na wenzake, waliofuatilia watu wazima zaidi ya 10,000 kwenye nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, kuona waliowahi kufadhiliwa utotoni na Compassion, lile shirika la Kikristo la ufadhili wa watoto, wameishia wapi. Wakakuta wamesoma zaidi ya wenzao, kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Uliposoma nilikaa kimya ukadhani mtandao umekatika. Nilikuwa nahesabu. Hao watoto wote walikuwa wanalala wapi usiku? Kwao. Wanatoka kanisani jioni wanarudi kwa mama, kwa bibi, kwa shangazi. Hicho kitu waambie wenzako kwanza.

Maana kuna hadithi nyingine ambayo sijawahi kukupa yote.

Mwaka uliofuata alikuja mtu nyumbani na daftari. Alikuwa anakusanya watoto wa kituo, siyo cha kanisa letu, kituo cha kulala. Alisema mimi bado kijana, nitaolewa tena. Nyie mtakula mara tatu, mtasoma shule ya Kiingereza. Alinikuta pabaya. Baba yenu mkubwa alikuwa ameshachukua kihamba, shamba letu la nyumbani, anasema ardhi ya ukoo haikai kwa mwanamke wa kuja, nami nimepanga chumba kimoja Pasua na kodi nimechelewesha. Shangazi yenu akaniambia nikubali. Nikafunga begi la kaka yako. Lako nililiacha, sijui kwa nini.

Lakini kabla ya kuwapeleka nikasema niende kwanza peke yangu, siku ya kazi, bila kuwaarifu. Nilipofungua geti, kitoto cha kama miaka minne kilikuja mbio kikashika kanga yangu, kikaniita mama. Hakijawahi kuniona. Nilisikia baadaye kwamba wageni wanaokuja na basi hulia machozi kwa jambo hilo, wanasema watoto wana upendo sana. Wewe umesoma uuguzi, unajua mtoto wa miaka minne anatakiwa amwogope mgeni kidogo, ajifiche nyuma ya mtu wake. Kile hakikuwa na mtu wa kujificha nyuma yake. Nikakitazama vizuri, nikakijua. Mama yake alikuwa anauza maandazi karibu na stendi, nilinunua kwake wiki ile ile.

Nilirudi kwa miguu. Kaka yako alikuwa amekalia begi lake mlangoni.

Sikuwa shujaa, usinifanye hivyo. Kama kodi ingekuwa imechelewa mwezi mmoja zaidi, labda leo ungekuwa unaandikia kituo, siyo mimi. Kilichonisaidia ni vitu vidogo: kanisa lilinipa mtaji wa gunia moja la viazi, akina mama wa jumuiya wakanilipia kodi ya miezi miwili, na yule msaidizi wa kisheria wa parokia ya jirani, Wakatoliki, sisi Walutheri, akakaa na baba yenu mkubwa mpaka sehemu ya kihamba ikarudi. Na dawa. Unajua kidonge changu cha saa mbili usiku. Baba yako aliondoka 2001. Dawa za bure za serikali za virusi vya UKIMWI zilianza mwishoni mwa 2004. Miaka mitatu. Watu wakiniuliza kazi gani kubwa kuliko zote iliyofanywa kwa ajili ya yatima Tanzania, siwatajii jengo lolote. Nawaambia kile kidonge, kwa sababu wengi waliokuwa wawe yatima hawakuwa.

Sasa hao watu wako. Usiwaendee kwa ukali, moyo wao ni mzuri na historia yao ina mambo ya kujivunia. Bob Pierce, mhubiri wa Marekani aliyeanzisha shirika la World Vision 1950, alikutana China 1947 na mtoto wa kike aliyefukuzwa kwao, na mwalimu mmoja mmishonari akamtilia mtoto yule mikononi akamwuliza, wewe utafanya nini. Alitoa dola tano alizokuwa nazo, akaahidi kutuma nyingine kila mwezi. Kwenye vita vya Korea, mhubiri mwingine wa Marekani, Everett Swanson, naye aliona watoto waliokuwa wanakufa kwa baridi mitaani Seoul, na kazi aliyoianza 1952 ndiyo ikawa Compassion. Wakati ule nyumba za yatima zilikuwa jibu la haraka, watoto walikuwa barabarani kweli na wazazi wamekufa kweli. Lakini angalia mwisho wake. Compassion ilifunga kazi ya msaada Korea 1993, na kufika 2003 Wakorea wenyewe wamegeuka wafadhili wa watoto wa nchi nyingine. Hao ndio wanaonitia moyo.

Tatizo ni kwamba picha ya Korea ya 1952 imebaki vichwani mwa watu, wakaileta Moshi. Kwenye vituo vingi duniani watoto walio wengi wana mzazi mmoja angalau aliye hai. Umaskini ndio uliowapeleka. Ukijenga nyumba ya vitanda arobaini, vitanda vitajaa, na vikikosa yatima vitajazwa na watoto wa wauza maandazi. Mama akiona kwamba mtoto wake atapelekwa shule akiwa mbali naye na hatapelekwa akiwa naye, unadhani atafanya nini? Nimeshakueleza begi la kaka yako.

Na siyo mimi tu mama wa gengeni ninayesema. Rwanda waliamua 2012 kufunga vituo na kurudisha watoto kwenye familia. Kenya walisimamisha usajili wa vituo vipya 2017. Haiti, baada ya lile tetemeko la Januari 2010, Wabatisti kumi kutoka Marekani walikamatwa mpakani na watoto 33 waliokuwa wanawahamishia kwenye nyumba ya yatima upande wa pili, Jamhuri ya Dominika, na wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi. Wale walikuwa watu wa maombi kama hao wenzako. Nia njema haikuwazuia.

Wapo watoto wasio na mtu. Kichanga kilichookotwa, mtoto ambaye nyumbani kwao ndiko anakoumizwa. Hao wanahitaji mahali leo usiku, siyo baada ya mkutano. Kwa hao yapo makao yaliyosajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na yapo malezi ya kambo, mtoto kulelewa na familia nyingine, kupitia ustawi wa jamii, ingawa huyo afisa wetu ana kata nyingi na nauli yake anajitafutia. Kama wanataka kujenga kitu, wamnunulie pikipiki. Sisemi mzaha.

Ukinitaka nikwambie fedha ile ningeifanyia nini, kuna bibi hapa nyuma ya soko analea wajukuu wanne, TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, inamsaidia kidogo, mkubwa wao kaacha shule kwa sababu hana sare na anaona haya. Kuna mjane mwenzangu kule juu anasukumwa kwenye kihamba sasa hivi, kama nilivyosukumwa. Nauli za kwenda baraza la ardhi zimemmaliza. Kuna baba, ndiyo, baba, mkewe alifia wodini, anabeba mtoto mgongoni akienda kwenye kibarua na watu wanamcheka. Watoto wa nyumba kama hizi ukiwajumlisha wote wanakaribia arobaini, na kila mmoja ana mlango anaoujua. Waulize wenzako kama wako tayari kulipia vitu ambavyo havina ukuta wa kuandikwa jina la kanisa lao. Kimya kitakachofuata ndicho kitakachokuonyesha.

Yakobo aliposema dini safi ni kuwatazama yatima na wajane, aliwataja pamoja, pumzi moja. Mchungaji wenu huko anaweza kuhubiri nusu saa juu ya neno "na".

Watakuuliza kuhusu wewe, hilo jiandae. Watataka ushuhuda, na mtu atapendekeza iwekwe picha ukutani kwa ile mashine, zamani na sasa. Uamuzi ni wako, sikukatazi. Mimi ningependa useme kwamba ulifadhiliwa, useme na jina la yule bibi kama familia yake inaridhia, maana alikuwa mtu wa haki. Aliponiandikia mimi, mara moja tu, aliuliza biashara yangu inaendeleaje. Katika miaka tisa ndiye peke yake wa ng'ambo aliyewahi kuniuliza.

Viatu vile, kama unataka kujua, vilikutoka baada ya miezi saba. Nilimpa binti wa mwenye nyumba, naye kampa mdogo wake. Kifungo kilikuwa kimeshadondoka, wakafunga kwa uzi wa gunia.

Nipigie Jumapili kabla hujasimama, huku itakuwa jioni. Jumamosi usinitafute, tuna VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na safari hii mwenye kushika sanduku ni mimi. Na uniambie huo uamuzi wa kamati unapitishwa na watu wangapi, maana kama ni watano naweza kuwaandikia mwenyewe, wewe utatafsiri.

Mama yako