Handaki la zamani lina faida gani kwa mji?

SWALI: Shikamoo mzee. Mdogo wangu anasoma Glasgow, Uskoti. Amenitumia picha ya stesheni iliyoachwa chini ya bustani ya Botanic, majukwaa yameota miti. Anasema kipande kingine cha reli hiyohiyo kilifunguliwa tena na treni zinapita. Kwa nini wahangaike na handaki la kale? Na kweli reli inaweza kufufua mtaa uliokufa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kinachokula fedha kwenye reli ya chini ya mji ni kuchimba, kuhamisha mabomba na kuwalipa fidia wenye majumba. Glasgow walishalipa hayo yote kabla njia ile haijafunguliwa mwaka 1896. Ilifungwa 1964, Uingereza ilipokuwa inafunga reli kila kona. Mwaka 1979 wakairudisha kwa jina la Argyle Line, ikiendeshwa kwa umeme, na stesheni mpya ya Argyle Street ikawekwa katikati ya maduka.

Kuhusu mtaa kufufuka, mwambie mdogo wako ashuke stesheni ya Exhibition Centre, kwenye njia hiyohiyo. Pale palikuwa na gati la meli, Queen's Dock, lililofungwa 1969. Lilifukiwa, na kifusi kingine kilitoka stesheni kuu ya St Enoch iliyobomolewa. Juu yake ukajengwa ukumbi mkubwa wa maonyesho, ukafunguliwa 1985, na treni inakushusha jirani nao kabisa. Reli peke yake isingetosha. Ilipata pa kupeleka watu.

Ila picha uliyotumiwa mimi inanitia wasiwasi. Desemba 1994 mto Kelvin ulifurika, maji yakaingia kwenye kipande kilichoachwa, yakateremka handakini mpaka stesheni ya chini ya Glasgow Central. Abiria walikaa bila njia ile hadi Septemba 1995. Nimefanya kazi kwenye mahandaki ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, na huko adui wetu alikuwa maji. Mvua zikikatika tulipita na nyundo tukigonga kuta. Sauti ikiwa kavu na kali, ukuta ni mzima. Ukivuma kama ngoma, nyuma yake kuna uwazi. Halafu mitaro, futi kwa futi, tope lote nje. Handaki lililofungwa linahitaji kazi hiyohiyo, na ndilo linalosahauliwa kwanza.

Kwetu mahandaki ya mjini ya kufufua hatuna, lakini reli za zamani mjini tunazo. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianzisha treni ya abiria kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, juu ya reli ileile ya siku zote. Nanyi Tanga mliona njia ya Moshi ikirudi 2019. Kwa hiyo mkisikia hifadhi ya reli karibu nanyi inataka kukatwa viwanja, nendeni mapema mkaulize Shirika la Reli na halmashauri, tena kwa barua. Nyumba zikishasimama hapo, mtarudi kwenye fidia na kuchimba upya.