Tangi la akiba la dizeli: vizuizi vya ndani viwe vya bati la zinki, sponji au plastiki?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, naendesha Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Mwezi uliopita fundi alinitengenezea tangi la akiba kwa shiti nyeusi ya milimita 2. Urefu wake ni sentimita 120, upana 45, kimo 28, na limelala kufuata urefu wa gari. Ndani ni tupu, halina kuta. Nikikanyaga breki nasikia mafuta yanapiga kwa kishindo, na kishikio kimoja cha tangi kimeshapasuka. Fundi anataka alifungue aweke vizuizi, yaani kuta za ndani za kuvunja kasi ya mafuta, vya bati la zinki alilobakiza kwenye kazi ya paa, maana anasema halishiki kutu. Rafiki yangu ananishauri nijaze sponji kama magari ya mashindano, na mwingine anasema nikate vipande vya dumu la plastiki nivifunge kwa bolti. Kipi ni salama?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa hicho kishikio. Kimekuonyesha mapema kwamba tangi linahitaji kuta. Kwa vipimo ulivyotoa linabeba kama lita 150. Ukiweka lita 140 za dizeli umepakia karibu kilo 118 za kitu kinachotembea. Likijaa kabisa mafuta hayana pa kukimbilia, lakini likifika nusu uzito huo hupata nafasi ya kukimbia mita nzima kabla ya kugonga ukuta wa mbele. Kwenye barabara ya kutoka lango la Loduare la Ngorongoro hadi lango la Naabi la Serengeti, ambako gari hutetemeka saa nzima, kipigo cha namna hiyo hupasua maungio ya kuchomelea hata kama fundi alikuwa hodari.

Kabla sijachagua malighafi, niseme jambo ambalo wengi huliruka. Tukinunua bati la paa tunauliza litadumu miaka mingapi. Kwa kitu cha ndani ya tangi, swali la kwanza ni kitatoa nini ndani ya mafuta. Kila chembe inayobanduka humo, na kila kinachoyeyuka, njia yake ni moja tu: filta, pampu, na nozo zinazopulizia mafuta kwenye injini. Paa likimomonyoka, mvua huosha. Tangi halina mvua ya kuliosha.

Ndiyo maana bati la zinki silikubali kwenye dizeli, hata ukipewa bure. Fundi wako amesema kweli kwamba zinki huzuia kutu ya mvua. Lakini dizeli ina asidi kidogo, na huongezeka kadiri mafuta yanavyozeeka na kupata maji. Asidi hiyo hula zinki, na kinachotokea ni aina ya sabuni ya madini. Niliwahi kukata filta ya gari lililokuwa na tangi la bati la namna hiyo. Karatasi ya filta ilikuwa imepakwa ute wa kijivu, unateleza kwenye vidole kama mchuzi wa bamia uliopoa. Mwenye gari alikuwa amebadilisha filta mara tatu akidhani anauziwa mafuta machafu. Sabuni hiyo ikipita filta huganda kwenye nozo, na nozo ni ghali kuliko shiti nzima ya chuma. Tena bati la paa ni jembamba mno. Lingepasuka kwa kutikiswa hata kama lisingekuwa na zinki. Na likichomelewa hutoa moshi mweupe wa zinki unaomtia fundi homa usiku huo.

Shaba nyekundu na shaba ya njano nazo usizitumie kwa vizuizi wala kwa bolti za ndani. Huharakisha mafuta kuoza na kutengeneza gundi. Utaona kiungio kidogo cha shaba ya njano kwenye mifumo mingi ya mafuta, lakini eneo lake linalogusa mafuta ni dogo sana ukilinganisha na ukuta mzima.

Sponji. Rafiki yako hajakosea kwamba ipo: magari ya mashindano na ndege za kivita hutumia sponji maalumu ya poliurethini, yenye vitundu vilivyo wazi pande zote, na hupunguza ujazo wa tangi kwa asilimia chache tu. Ila sponji hiyo si ya godoro. Ya godoro hunyonya, huvimba, kisha hukatika vipande vidogo vinavyoziba bomba la kunyonyea. Hata ile maalumu ina umri wake. Watu wa mashindano huitoa na kuikagua kwa ratiba, kisha huibadilisha kabla haijaanza kumeguka. Aina ya poliesta huharibiwa na joto pamoja na unyevu. Wewe unapanda kreta asubuhi kwenye baridi, unashuka nyikani mchana kwenye jua, tangi linavuta hewa yenye unyevu na maji yanajikusanya chini. Sponji haitapenda maisha hayo, na tangi lako halina mlango wa kuitolea.

Dumu la plastiki ni jambo gumu kidogo, maana plastiki yenyewe haina kosa. Madumu mengi ni ya polithini nzito, na matangi mengi ya magari mapya hutengenezwa kwa polithini ya namna hiyo. Dizeli haiiyeyushi. Shida ni kuishika. Haichomelewi kwenye chuma, gundi haiishiki vizuri, na ikikaa kwenye mafuta huvimba kidogo na kulainika, halafu mafuta yanayorudi kutoka kwenye pampu huwa ya moto. Bolti ulizokaza leo zitalegea, na kila bolti iliyotoboa ukuta wa tangi ni mahali pa kuvujia. Usifikirie kuziba kwa silikoni ya tyubu. Silikoni ya kawaida huvimba kwenye mafuta na kubanduka kama ngozi ya maziwa. Mpira asilia nao ni hivyohivyo. Kwa oringi na gasketi za kifuniko tafuta mpira wa naitraili, au Viton ukiupata.

Kinachobaki ndicho kilichotengeneza tangi lenyewe: shiti nyeusi ya milimita 2. Tangi na kizuizi viwe damu moja. Ukiweka alumini au stenlesi ndani ya tangi la chuma cheusi, yale maji ya chini huziunganisha metali mbili kama betri, na iliyo dhaifu huliwa. Stenlesi peke yake ni nzuri, alumini ya aina ya 5052 ni nzuri, lakini kila moja kwenye tangi la aina yake. Usipake rangi ndani, hata redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Itabanduka. Dizeli yenyewe ndiyo itakayolinda chuma, mradi humwagi maji ndani na unayatoa yanapojikusanya.

Vizuizi viwili vinakutosha, kila sentimita 40. Kila kimoja hakifiki kilo 2. Kunja kingo zake sentimita 2 ili zilale kwenye ukuta, uchomelee kwa vipande vifupi vyenye nafasi kati yake, usizungushe mshono mmoja mrefu unaopinda shiti. Kata pembe zote nne kwa mshazari, sentimita 5 kwa 5: za chini zipitishe mafuta na maji, za juu zipitishe hewa. Toboa matundu sita ya sentimita 6, usiyapange yakatazamana kati ya kizuizi na kizuizi. Hapo umefungua kama asilimia 17 ya ukuta. Kanuni za Ulaya za malori ya kubeba mafuta, ADR, hutaka kizuizi kizibe angalau asilimia 70 ya tangi kinapokatiza, kwa hiyo wewe umo ndani kwa raha. Laini kingo za matundu kwa tupa, maana ufa huanzia kwenye jino lililoachwa na grenda. Bomba la kunyonyea na la kurudishia yote yaishie chumba cha katikati.

Sasa lile linaloniogopesha kuliko yote. Umesema fundi anataka KULIFUNGUA. Tangi hilo limeshatiwa dizeli. Najua msemo wa gereji kwamba dizeli haiwaki hata ukiitupia kiberiti. Ni kweli ikiwa baridi na imetulia kwenye beseni, kwa sababu huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kuanzia nyuzi 55 hivi. Lakini moto wa kuchomelea ni maelfu ya nyuzi. Utando wa mafuta uliobaki kwenye pembe hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke ndani ya boksi la chuma hulipuka. Kulikausha juani siku mbili hakutoshi. Kuelekeza moshi wa ekzosi ndani, kama wengine wafanyavyo, sikuamini, kwa sababu huwezi kujua hewa kiasi gani imebaki. Petroli ni mbaya zaidi: hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na tangi lililowahi kuibeba lisiguswe kabisa na moto wa gereji ya kawaida.

Kwa hiyo ushauri wangu ni utengeneze tangi jipya, vizuizi vikichomelewa kabla ya kufunga mfuniko. Ukishindwa gharama, lipeleke la zamani kwenye karakana inayoosha matangi kwa mvuke wa maji na yenye kipimo cha gesi, wapime mbele yako kabla ya grenda kuwashwa. Wewe na fundi msilifungue uani.

Likishakamilika, safisha slagi zote, yale magamba ya kuchomelea, lijaribu kwa maji na sabuni nje ukitia upepo kidogo sana wa mdomo, si wa kompresa. Likaushe vizuri, lisuuze kwa lita chache za dizeli uzimwage. Baada ya kilomita 500 toa filta, ikate kwa msumeno wa mkono, ukunjue karatasi yake juani. Chembe nyeusi chache ni mabaki ya kuchomelea, badilisha filta uendelee. Ukikuta ute wa kijivu au unga wa kahawia, usijaze tena kabla hujanipigia picha.