Tatizo liwe la kweli, na mwalimu asiwe na jibu mfukoni

Mhariri, Assalaam alaykum.

Suali lenu la wiki hii, "Je, skuli zetu zinaweza kuwafundisha wanafunzi ubunifu na utatuzi wa matatizo?", limenigusa pabaya. Nilikaa nalo dukani mchana kutwa, na usiku nikachukua karatasi nikaandika jibu la neno moja: haziwezi. Kisha nikaona si haki kuwatumia neno moja watu walioniuliza kwa heshima, basi nieleze.

Mimi nauza na kufunga umeme wa jua hapa Chake Chake, Pemba. Vijana ninaowachukua kazini wamemaliza kidato cha nne, wengine wamepita mafunzo ya amali, na vyeti vyao ni vizuri. Muulize kijana volti ni nini, atakujibu bila kukosea. Mpeleke Micheweni akafunge taa nne, moja ikikataa kuwaka ananipigia simu hapo hapo. Namuuliza, "Umeangalia nini?" Kimya. Hajaangalia kitu. Hajaufuata waya, hajaibadilisha taa na ya jirani yake aone kama ubovu uko kwenye taa au kwenye soketi. Si mvivu, wala si mjinga. Tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kumuuliza jambo ambalo muulizaji mwenyewe halijui. Kila suali alilopewa jibu lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari la mwalimu, na kazi yake ilikuwa kulirejesha kama lilivyo.

Kwa hiyo suali ninaloweza kulijibu mimi ni jengine kidogo: mtoto anapopewa tatizo, ni tatizo la nani?

Nilisoma skuli ya msingi upande wa kaskazini ya Wete, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Skuli yetu ilikuwa na mikarafuu yake, na msimu wa vuli tulichuma sisi wenyewe, tukachambua usiku kwa karabai, asubuhi tukaanika uwanjani. Fedha zake zilinunua chaki na kurekebisha madawati. Msomaji wa Pemba hahitaji kuelezwa taabu ya vuli. Karafuu inataka siku nne tano za jua, na mvua haina miadi. Ikirowa, au ikilazwa rundo mbichi, inageuka mpeta, yaani karafuu iliyoharibika, na ukiifikisha kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, unaiona ikishushwa daraja kwa macho yako. Mvua ikitoka nyuma ya kilima darasa zima lilikuwa linakurupuka, watoto wanazoa kwa viganja na kutia kwenye mapakacha, wanagongana vichwa, na bado nusu inarowa.

Baada ya mvua moja mbaya sana mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la saba aliingia, akaandika ubaoni: "Tuanueje karafuu zisirowe?" Akaweka chaki chini. Akasema, "Mimi sijui. Nimefikiri tangu jana na sijui." Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema vile, na wenzangu nao walitazamana. Akatuambia tuna mpaka mwisho wa msimu, na kila tutakalolifanya tuliandike kwenye daftari la hesabu.

Pendekezo la kwanza lilikuwa banda la makuti juu ya uwanja. Wote tulilishangilia mpaka mmoja aliposema kwamba penye kivuli hapana jua, na karafuu za kivulini ndizo zinazotoka mpeta. Likafutwa. La pili lilikuwa kufunga kamba pembeni mwa jamvi na kulikokota zima hadi barazani. Hili tulilijaribu, kwa kelele nyingi. Jamvi liliachia mishono ya ukili katikati ya uwanja, karafuu zikamwagika mchangani, na tulimaliza mchana tukizipepeta kwa nyungo za mama zetu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi. Hakugomba. Aliuliza tu, "Limepasukia wapi?" Tukaenda kulitazama. Tulidhani limepasuka pale lilipochakaa, kumbe pale palikuwa pazima. Lilipasuka pale ambapo karafuu zilijikusanya rundo tulipolivuta. "Andikeni hilo," akasema, na ndilo lililotusaidia baadaye kuliko yote, maana ndipo tulipojua kwamba adui yetu ni uzito kurundikana, sio uchakavu wa jamvi.

Ndipo likaja wazo la vitanda: fremu ya fito na kamba za usumba, miguu mifupi, jamvi dogo juu yake, watoto wanne wanakinyanyua na kukitia chini ya baraza bila kuigusa karafuu. Nani aliyesema kwanza, mpaka leo tunabishana tukikutana harusini. Tulikuwa tayari kwenda kukata fito jioni ile ile. Msichana mmoja, aliyekuwa wa kwanza wa darasa miaka yote, akasimama. Kitanda kimoja kinabeba pishi 6 zikitandazwa vizuri. Kwa siku tunachuma kama pishi 24. Lakini, akasema, za leo haziko peke yake, za jana, za juzi na za siku ya kabla ya juzi bado ziko uwanjani, kwa hiyo ni pishi 96, na vitanda ni 16. Watoto wanne kwa kila kitanda ni watoto 64, na darasa zima hatufiki 40. Yote hayo kwa kichwa, amesimama, hakugusa kalamu.

Tulinyamaza. Wengine walimchukia, nakumbuka. Halafu mmoja kutoka kwa wavulana akauliza kwani lazima vyote viondoke kwa pamoja? Watoto 32 kwa safari mbili wanatosha, ikiwa mvua itatupa nafasi. Basi itatupa nafasi gani? Hapo tukatoka nje tukapima kwa kuhesabu kwa sauti: wanne wanabeba kitanda kitupu kilichowekewa mawe, sisi wengine tunahesabu moja, mbili, tatu mpaka kifike barazani. Siku iliyofuata lilipotanda wingu tulihesabu tena, tangu majani ya kilimani yalipoanza kuvuma mpaka tone la kwanza. Nafasi ilikuwepo, lakini ndogo. Tukaamua kila siku mtoto mmoja akae mlango wa nyuma atazame kilima.

Kitanda cha kwanza kilibonyea katikati na karafuu zote zikaja kukaa pale pale penye bonde, zile zile zilizopasua jamvi. Tukaongeza fito mbili za kukingama. Hatukuwahi kufika vitanda 16, msimu ulitukuta na tisa. Lakini ile mvua kubwa ya mwisho, karafuu zilizokuwa kitandani ziliingia barazani kavu, isipokuwa za kitanda kimoja kilichomponyoka mwenzetu kwenye ngazi.

Baadaye kidogo alikuja mgeni wa ukaguzi. Alikuta darasa liko nje linapima miguu ya vitanda. Akamuuliza mwalimu hili ni somo gani. "Hesabu." Akauliza liko ukurasa wa ngapi. Kuanzia wiki ile tulirudi kunakili, tukanakili mpaka mtihani. Vitanda vilihamishiwa nyuma ya darasa, na vuli iliyofuata watoto wa darasa jengine waliendelea kuzoa kwa viganja.

Nilipokaa kuandika nilikusudia niishie hapa na niseme: mnaona? Skuli inaua. Lakini nikiyarudia niliyoyaandika naona hayasemi hivyo. Yule mwalimu alikuwa mwalimu wa skuli ya serikali, analipwa mshahara ule ule, na alitufundisha skuli, kwa ubao na chaki. Alitufundisha kutazama palipopasuka, na kupima kabla ya kukata. Kama hilo si kufundisha ubunifu, sijui linaitwaje. Na jengine lililonibana zaidi: nilikuwa nimejiandaa kulaumu kukariri, maana ndiyo lawama ya kila mtu siku hizi. Yule msichana alikuwa amekariri. Jedwali la kuzidisha alilipigiwa bakora mpaka likakaa, na lau lisingekaa tungekata fito za bure kwa kitu kisichowezekana. (Bakora siitetei. Jedwali nalitetea.)

Basi nalifuta lile neno langu la kwanza. Zinaweza. Ila nina wasiwasi na namna jambo hili linavyotaka kufanywa.

Wasiwasi wa kwanza ni kulifanya somo, lenye kitabu chake na mtihani wake. Mtaala mpya unasema umahiri, yaani mtoto aweze kutenda na si kujua tu, na naukubali kwa moyo wote, lakini mwanangu wa darasa la sita alikuja juzi na daftari lililoandikwa hatua za kutatua tatizo, anazikariri kwa ajili ya jaribio. Tatizo lenyewe halikuwemo daftarini.

Wa pili ni lugha. Tulibishana kwa Kiswahili, tena cha kwetu, na ndiyo maana kila mtoto alisema. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza Kiingereza kwenye hesabu na sayansi tangu darasa la tano, na lau yale mabishano ya vitanda yangetakiwa kwa Kiingereza, wangesema watatu na sisi wengine tungekaa kimya. Najua wazazi wengi wanataka Kiingereza, na mimi nakitaka. Kifundishwe. Mabishano yaachwe katika lugha ambayo mtoto anaweza kukosea bila ya kuona haya.

Wa tatu, na huu sina dawa yake, ni nafasi. Darasa likijaa na zamu ya mchana inasubiri nje, mwalimu gani atakaa kwenye ngazi kuwatazama watoto wakipepeta mchanga?

Kwamba inawezekana, mifano ipo. Kule Kinyasini, Unguja, akina mama wa vijijini, wengi hawakusoma sana, wanafundishwa kuunda na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, na kazi inatulia. Wakulima wa mwani, bahari ilipopata joto na aina ya mwani iitwayo cottonii ikaanza kufa kwenye maji ya kina kifupi, walikaa na Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, wakajaribu kuulima ndani ya neti za mirija kwenye maji ya kina kirefu. Njia ile nayo ina taabu zake, inataka chombo na kujua kuogelea, lakini walipata pa kuanzia. Huku hakuna aliyehitaji kutungiwa zoezi. Na Pemba matatizo ya kweli hatujaishiwa: tangi la maji la skuli linavuja, mwani unaoanikwa unarowa vile vile kama karafuu, vyoo, njia ya mvua inayopita katikati ya uwanja. Mpeni mtoto moja katika hayo, na mwalimu aruhusiwe kusema hajui.

Kwa upande wangu, ninazo dukani paneli mbovu mbili, taa za kutosha na waya chakavu. Skuli yoyote ya wilaya zetu nne ikizitaka, ije izichukue bure, watoto watafute wenyewe kilichoharibika. Betri sitozitoa, zina asidi. Na mwalimu asiniulize ubovu uko wapi, kwa sababu paneli moja kati ya hizo nimeshindwa kuujua.

Msomaji, Chake Chake